Tangawizi ya Posa ya Dada Yangu

Majina yao wote ninayo. Nikifumba macho ninawaita mmoja mmoja, na mbuzi pia, maana mbuzi wa kwetu walikuwa na majina. Lakini watu hao wameacha wajukuu, na wajukuu wengine ni wakali, kwa hiyo hapa nitasema tu baba, mama, dada, na susu. Susu ni nyanya, kwa sisi Wakamba. Huyu susu alikuwa mama yake baba, na tulikaa naye boma moja huko Kanyangi, upande wa Kitui, miaka ile ya thelathini baada ya nzige kupita na watu kuanza kupata chakula tena. Mimi nilikuwa na miaka kumi hivi. Hatukuandika.

Nataka kueleza habari ya kinywaji. Siku hizi vijana wakialikana chakula cha saa nne, kile cha kati ya chai na chakula cha mchana, wanaweka mezani divai yenye povu, wanakamulia machungwa na kutia tangawizi, halafu wananieleza polepole jinsi kinavyotengenezwa, kama vile mimi ni mgeni wa mambo hayo. Ninawasikiliza. Kinywaji hicho, au ndugu yake wa karibu, nilikiona kikitafutwa nyumbani kwetu kwa majuma matatu, na kama kisingepatikana dada yangu angeolewa na mzee.

Ilikuwa hivi. Mwenye duka la Kanyangi alileta fundi wa mbao kutoka Nzaui, ng'ambo ya mto Athi, upande wa Makueni, aje kumtengenezea milango na rafu. Kijana yule alifanya kazi mwezi mzima, na dada yangu akawa mtu wa kutumwa chumvi kila siku. Tulikuwa na chumvi ya kutosha ng'ombe. Rafu zilipokwisha, fundi akarudi kwao, akamwambia baba yake kwamba anataka kuoa.

Baba yake huyo fundi alikuwa mzee wa kanisa, Mprotestanti wa wale wa kwanza. Kabla ya kubatizwa alikuwa na mizinga mingi, na uki wake ulijulikana mpaka kwetu huku ng'ambo. Uki ni pombe ya asali. Siku ya kubatizwa aliwaita majirani, akapasua vibuyu vyake vyote mbele yao kwa shoka, akaapa kwamba hatabeba wala kunywa uki mpaka afe. Watu wa Kanyangi walikuwa bado wanaisikitikia ile kazi ya shoka.

Na baba yangu naye alikuwa na neno lake. Kwake posa bila uki si posa, maana wazee wa ukoo hawawezi kumbariki msichana kwa midomo mikavu. Watu wa Nzaui walikuja mara ya kwanza na sukari, majani ya chai na mikate miwili. Wazee wetu wakatazama ndani ya vikombe, wakatazamana, wakaaga. Walikuja mara ya pili na maneno matupu, na maneno yale yaliisha vibaya. Baba akawaambia wana mwezi mmoja. Mwezi ukiandama tena bila uki, msichana atakwenda kwa mzee wa kijiji cha juu, mwenye wake wawili, ambaye mbuzi wake walikuwa tayari na kibuyu chake kilikuwa kinachemka.

Dada hakulia mbele ya watu. Alianza tu kufagia kiwanja mara mbili kila asubuhi, na mara ya pili hapakuwa na kitu cha kufagia.

Asubuhi moja tulikuwa tunakula isyo, mahindi na maharagwe, tukiwa tumetoka shambani. Susu akamuuliza baba uki ni nini.

Baba akacheka. Akasema mama yake amezeeka kweli, kama anauliza uki ni nini baada ya kuwapikia walevi miaka hamsini.

"Nimeuliza," susu akasema. "Ukinijibu utakuwa umepungukiwa na nini?"

Baba akaweka bakuli chini, akafikiri. Akasema uki ni wa asali, na asali hiyo itoke kwa watu wa mwanamume. Pili, lazima ulale. Kitu kilichochanganywa asubuhi na kunywewa asubuhi ni maji. Tatu, lazima upande. Ukiufungua uvume, uwe na povu, umpige mtu puani.

"Na kulewa?"

"Kulewa ni kwa mtu, mama. Si kwa uki."

Susu akaendelea kula. Mimi nilikuwa karibu naye, nikaona anatafuna polepole kuliko kawaida. Siku hiyohiyo alimtuma dada dukani, kwa chumvi tena, lakini safari hii kwa ruhusa, akampe mchukuzi mmoja wa mizigo aliyekuwa akienda Nzaui ujumbe wa mdomo. Swali lilikuwa lile lile. Alitaka mzee wa kanisa amwambie, kwake yeye, uki ni nini.

Jibu lilichukua siku nne. Lililetwa na fundi mwenyewe, na alikuja amebeba madebe mawili ya asali ya mizinga ya baba yake, maana susu alikuwa ameongeza kwamba asali si dhambi. Baba yake alisema uji mchachu unanywewa na kanisa zima na hakuna anayelaumiwa, kwa hiyo kitu kulala si kosa. Povu pia si kosa. Uki ni kile kinachotiwa muatini. Kinywaji kikiwa hakina muatini, yeye atakaa mbele yake bila kuogopa.

Muatini ni mti wa bondeni, na matunda yake yananing'inia marefu na mazito kama michi ya kinu. Wanaume huyapasua, huyachemsha, huyakausha juu ya moshi, halafu huyatupa ndani ya maji ya asali. Ndiyo yanayouamsha uki. Kila mtu alijua hilo. Kwa hiyo wanaume hawa wawili, bila kukutana, walikuwa wamebakiza pengo dogo sana katikati yao, na susu alitaka kupita hapo. Baba alitaka asali, usingizi na povu. Mwenzake alikataa muatini tu. Lakini povu lisiloamshwa na muatini litatoka wapi?

Ninawaambia, swali hilo lilinishika kuliko posa yenyewe. Nililala nalo. Nilikuwa nimeona povu la maziwa, la sabuni, la mto wakati wa mvua, na la mdomo wa ngamia mmoja aliyepita na wafanyabiashara, na sikuwa nimewahi kujiuliza linatoka wapi.

Jaribio la kwanza susu alilifanya kwa usafi wote. Alichukua kibuyu kipya, akakitia makaa ya moto na kukitikisa, kama tunavyosafisha kibuyu cha maziwa. Akatia maji, asali, na ndimu za mti wa jirani uliokuwa karibu na kisima. Akaziba, akaweka karibu na mafiga. Siku tatu nilikuwa ninatega sikio kwenye kibuyu mpaka shavu likawa jeusi kwa masizi. Siku ya nne tukafungua. Kimya. Baba akaonja, akasema susu amefanya vizuri, ametengeneza dawa ya kikohozi.

Ndipo tukaenda dukani, mimi na susu. Mwenye duka na mkewe walikuwa Waislamu, watu wao walitoka kaskazini mashariki na ng'ombe wa kuuza, wakabaki. Yule mama alikuwa mrefu, mwenye mikono ya hina, na alizungumza Kiswahili ambacho susu hakukijua hata neno, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa wote wawili. Kazi hiyo niliipenda mno. Susu aliuliza swali moja, mimi nikauliza matatu. Yule mama akijibu matatu, nilimpa susu moja na kubaki na mengine.

Kwenye rafu za fundi wetu palikuwa na chupa za soda zilizozibwa na gololi ya kioo. Nikamwomba yule mama anionyeshe inavyofunguliwa. Akaisukuma gololi kwa kidole gumba, ikashuka shingoni, na maji yakapanda yakivuma. Nikamuuliza ni nani ameyaweka yale mapovu. Akasema ni mashine huko Nairobi, inayapuliza ndani kwa nguvu. Susu, nilipomtafsiria, akataka kujua kama mashine hiyo ina muatini. Nikauliza. Yule mama akacheka mpaka akakaa juu ya gunia.

Susu hakucheka. Alikuwa ameshaona kikapu cha tangawizi mbichi, iliyotoka pwani kwa gari la moshi na kuletwa na lori, akachukua kipande na kukinusa, akang'ata. Macho yakamtoka machozi. Akasema kama mapovu hayapatikani, basi angalau kuna kitu cha kumpiga mtu puani.

Tukanunua. Nyumbani susu akaimenya tangawizi ikawa nyeupe, akaichemsha kama mizizi ya dawa, akachanganya na asali na ndimu. Siku tatu tena. Safari hii baba alipoonja alifunga jicho moja, akasema kinauma vizuri. Lakini hakikupanda. Kilikuwa kimekaa tu kwenye kikombe kikimtazama.

Mwezi ulikuwa umeshapita nusu. Dada alianza kunisaidia kutega sikio, na hilo ndilo lililonionyesha hofu yake, maana yeye hakuwa mtu wa kupaka shavu masizi.

Tukarudi dukani. Nilimweleza yule mama yote, tangu kumenya mpaka kuchemsha, na alisikiliza kichwa kikiwa upande mmoja.

"Mliipika?" akauliza. "Basi mmeiua."

Akatueleza kwamba mwaka uliopita wakati wa joto alitwanga tangawizi na ganda lake, akaitia maji na sukari, akaisahau chini ya meza ya duka kwa siku tano. Alipoikumbuka ni kwa sababu kifuniko kilikuwa kinacheza chenyewe. Nikamuuliza ilikuwa na ladha gani. Akasema hakuonja. Aliimwaga yote nje, kwa sababu hakujua kama kitu cha namna hiyo kinafaa kwa Mwislamu au hakifai, na mumewe alikuwa safarini na hapakuwa na wa kumuuliza.

"Mimi nilimwaga," akasema. "Nyinyi mtajua wenyewe na dini yenu."

Nilimtafsiria susu. Akanifanya nirudie ile sehemu ya kifuniko.

Basi jaribio la tatu. Chungu kidogo, maji yaliyopoa, tangawizi iliyotwangwa kwenye kinu na ganda lake na hata vumbi kidogo la kikapu, na asali. Hatukuiosha sana. Kila asubuhi susu aliongeza kijiko cha tangawizi na kijiko cha asali, kama anayelisha kifaranga. Siku ya pili hakuna. Siku ya tatu nikaona, pembeni, vitone vidogo vikipanda kimoja kimoja. Siku ya nne nilipofunua nilisikia sauti, ndogo, kama mafuta yanapoanza tu kushika moto. Niliwaita wote. Mama akaja na unga mikononi. Dada akapiga magoti. Susu alitia kidole, akakilamba, akakitia tena.

Baba naye alikuja, akatega sikio, akasema ni sawa, ni kama mdudu, akaondoka. Baada ya muda akarudi kutafuta kisu chake. Akarudi tena kutafuta ugoro. Kisu kilikuwa kiunoni na ugoro alikuwa hanusi wakati wa asubuhi, lakini hakuna aliyemwambia, na kila safari aliinama juu ya chungu.

"Kinatoka wapi hiki?" akaniuliza mara ya tatu, kwa sauti ya chini, kana kwamba mimi ndiye ninayekipuliza.

Nikamwambia kinatoka kwenye ganda. Akaniuliza nimejuaje. Nikasema kwa sababu tulipolitoa hakikuja. Akasema nisitembee tembee nikiyasema hayo kwa watu wa kijiji cha juu.

Siku ya watu wa Nzaui ikawekwa. Susu akachukua asali ya yale madebe mawili, akaichanganya na maji kwenye chungu kikubwa, akatia tangawizi na bakuli moja la kile chungu kidogo kilichokuwa hai. Kililala siku mbili kimefunikwa na kitambaa, na kilipanda vizuri. Maji ya ndimu hayakuchanganywa humo. Susu alikuwa amegundua kwamba ukitia ndimu mapema kinakuwa kikali na chenye uvivu, kwa hiyo ndimu ilikuwa ikamuliwe wakati wa kunywa: kwanza kikombeni ndimu moja na chungwa dogo chachu la dukani, halafu kinywaji chenyewe kimiminwe ukutani mwa kikombe, polepole, povu lisimwagike. Kazi ya kukamua ilikuwa yangu. Nilijaribu mara nyingi nyuma ya jiko, na kila jaribio lilihitaji kuonjwa.

Sasa mama. Mama yangu alikuwa mtu wa heshima kuliko sisi wote. Jioni ya kuamkia siku yenyewe alitazama kile chungu, akaona aibu. Wazee wa ukoo wataandaliwa kinywaji kutoka chungu cha jikoni, kama watoto wanaopewa uji? Akateremsha kibuyu kikubwa cha baba kutoka darini, kile cha sherehe, akahamishia kinywaji chote humo, akaziba na gunzi la muhindi. Alifanya hivyo kwa moyo safi na hakufikiri mara mbili. Mimi nilimshikia kibuyu. Wala mimi sikufikiri.

Kibuyu cha uki kwetu hakioshwi. Hakijawahi kuonja maji. Kinatumika miaka na miaka, na kuta zake zimekunywa uki na muatini mpaka zimekuwa nyeusi.

Asubuhi tulikuta gunzi limeruka limelala karibu na mlango.

Watu wa Nzaui walikuwa wamelala kwa jamaa karibu na duka, wakafika saa nne, jua likiwa limepanda. Walikuwa watatu, mzee wa kanisa mbele, amevaa koti licha ya joto. Fundi alibaki nje na vijana. Wazee wetu pia walikuwa watatu, pamoja na baba. Chakula kilikuwa tayari, nyama ya mbuzi na muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, lakini chakula hakiguswi kabla ya neno la posa, kwa hiyo kilikaa kikinukia na watu wote wakijifanya hawakisikii.

Nikakamua. Baba mwenyewe akamimina. Povu likapanda juu ya ndimu likiwa jeupe, likasimama. Mzee mmoja wa kwetu, ambaye kila mtu alijua amekuja kukataa, alitia pua kikombeni, akapiga chafya, akanywa, akanywa tena.

"Hiki kinapiga," akasema.

Mwenzake akataka kujua asali ni ya nani. Akaambiwa ya Nzaui. Akauliza kimelala siku ngapi. Akaambiwa. Wakatikisa vichwa. Basi ni uki, wakasema, hata kama umepitia mlango wa nyuma.

Ikabaki zamu ya mzee wa kanisa. Alipokea kikombe kwa mikono miwili. Alikiinua mpaka chini ya pua, na hapo akasimama. Mtu aliyepika uki miaka ishirini anakijua kibuyu kama anavyojua kikohozi cha ndugu yake nje ya ukuta. Nilimwona uso ukifungwa. Alitazama kikombe, akatazama kibuyu, akatazama wazee. Halafu akanitazama mimi, niliyekuwa nimeshika nusu ya ndimu.

"Mwanangu," akasema, "wewe ndiye umekuwa ukikamua. Kuna muatini humu?"

"Hakuna."

Ulikuwa ni ukweli, na ningeweza kuishia hapo. Dada alikuwa nyuma ya ghala la mahindi. Nilikuwa ninauona ukingo wa shuka yake. Baba alikuwa ameshika goti lake. Susu alikuwa ameinamisha kichwa, na ndipo nilipojua kwamba na yeye amesikia harufu ya kibuyu tangu asubuhi.

"Na kibuyu hiki," mzee akasema, bila ukali wowote, "ni kibuyu cha nini?"

Nilijua nikisema sijui, wote watanisaidia kutojua. Nilijua pia kwamba ameshajua. Hakuwa akiuliza habari ya kibuyu. Alikuwa anauliza watu wa boma hili ni watu gani.

"Ni cha uki," nikasema. "Kinywaji kimewekwa humo jana jioni. Kabla ya hapo kilikuwa kwenye chungu, na chungu hakijawahi kutiwa muatini."

Mama aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Ni hapo tu alipoelewa alichokifanya. Baba akasimama, akasema kwa sauti iliyokauka kwamba hakuagiza hila, na kama mtu anadhani ameagiza hila aseme. Mzee wetu yule wa chafya akauliza kama sasa vibuyu viwe vinaoshwa kwa sabuni.

"Kibuyu hakioshwi," mzee wa kanisa akasema. "Najua." Akaweka kikombe chini, mbele ya miguu yake. Niliiona shuka nyuma ya ghala ikitoweka.

Nzi walikuwa wameanza kuijua ile nyama. Halafu mzee wa kanisa akauliza jambo ambalo, katika vikao viwili vilivyovunjika, hakuna aliyefika mahali pa kuliuliza, maana kila mara waligombana juu ya kubeba na kupokea. Aliwauliza wazee wetu wanataka akifanyie nini kile kikombe.

Wakasema ni cha baraka.

Akasema yeye aliacha mambo hayo zamani, wamkumbushe kwa vitendo.

Basi mzee wetu mkubwa akaagiza dada aitwe. Alikuja macho mekundu, akapiga magoti. Mzee akapiga funda moja, akalishika mdomoni, akamnyunyizia kifuani, phu, akasema maneno ya uzazi na mvua na amani. Wa pili akafanya vilevile. Mzee wa kanisa aliwatazama kwa makini kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Hilo halimezwi?"

"La baraka halimezwi," mzee wetu akasema. "Yanayomezwa ni ya baadaye. Na ya baadaye ni hiari ya koo la mtu."

Mzee wa kanisa akakiokota kikombe chake. Alifumba macho kwanza, midomo ikisogea, nadhani alikuwa akimweleza Mungu kabla Mungu hajauliza. Kisha akapiga funda kubwa.

Sasa, yeye alizoea uki wa zamani. Hakuujua huu wa susu, wenye tangawizi ya ganda na ndimu mbichi na usiku mzima wa kibuyu. Povu likaanza kuvimba ndani ya mdomo. Mashavu yakajaa. Macho yakajaa maji. Alikuwa bado anatafuta maneno ya kuombea kichwani, na kinywaji hakikuwa na subira hiyo. Kikamtoka chote kwa nguvu, kwa mdomo na kidogo kwa pua, na dada yangu akabarikiwa kuanzia paji la uso mpaka magotini.

Susu ndiye aliyeanza, kicheko chake kile cha meno mawili, na kikao chote kikafuata, na mzee wa kanisa mwenyewe akicheka na kukohoa na kujifuta kwa mkono wa koti. Aliposhika pumzi alisema maneno yake ya kuombea, akamwita dada binti yake. Kisha akasukutua mdomo, akatema nje ya kiwanja, akaniomba nimkamulie ndimu kwenye maji ya mtungi, maji matupu. Nikamkamulia mbili. Nyama ikagawiwa. Baba akatuma neno kwa mzee wa kijiji cha juu siku hiyohiyo, kwa heshima, kwamba mbuzi wake wakae kwao.

Mimi nilipobeba vikombe vya kuosha, dada alinivuta nyuma ya ghala. Alikuwa bado amelowa, ananukia tangawizi na ndimu, na alinishika sikio akalizungusha kwa nguvu zake zote.

"Ungesema hujui," akasema. "Neno moja tu. Hujui."

Nikamwambia yule mzee alikuwa ameshanusa. Sikio hakuliachilia upesi. Nilikumbuka alivyokuwa akifagia kiwanja mara mbili, nikaona afadhali lizungushwe tu.

Alipoliachia alitazama vikombe. Kimoja, cha mzee wa kanisa, kilikuwa na nusu yake, povu likiwa jembamba pembeni. Msichana anayeposwa haonji. Katika boma zima yeye peke yake hakujua kilikuwa na ladha gani kitu tulichokihangaikia majuma matatu kwa ajili yake. Akaniuliza kama ni kitamu. Nikasema kinauma kwanza, utamu unakuja nyuma. Akatazama huku na huku, akakinywa chote kwa mara moja, kikampanda puani, akapiga chafya tatu akiwa ameziba uso kwa shuka.

"Kimebaki?"

Nikamwambia kibuyu kiko kwa wazee.

"Basi nitajitengenezea huko Nzaui," akasema, akafuta pua, akakaa chini kwenye kivuli cha ghala, akaniambia nimweleze tena tangu mwanzo, polepole, na nisiruke mahali: tangawizi kiasi gani, na ganda linamenywa au halimenywi.